Umemaliza "Jumong", Sasa Utazame Nini?

Barua nyingi zilizoifikia safu hii kwa toleo la sasa zina ombi moja: msomaji amemaliza tamthilia ya Kiasia aliyoipenda, kila anayoianza baada ya hiyo anaiona chapwa, na anaomba aelekezwe nyingine inayofanana nayo. Kabla sijajibu, naomba niweke wazi namna ninavyochagua. Watu wengi hutafuta mfanano katika nchi ilikotengenezwa tamthilia, katika mavazi ya wahusika au katika sura ya steringi, na ndiyo maana huishia kuvunjika moyo. Mimi hutazama kwanza majina mawili ambayo watazamaji wengi huyaruka, yaani jina la mwandishi na jina la mwongozaji, kisha humuuliza aliyeniomba ushauri ni jambo gani hasa lililomnyima usingizi mpaka aione sehemu inayofuata. Majibu hayo yakipatikana, kazi inayobaki huwa ndogo.

SWALI: Mhariri, nimemaliza kuitazama "Jumong" kwa mara ya pili, na kila ninayoianza baada yake naiacha njiani. Muuzaji wa CD wa hapa mtaani alinipa tamthilia ya mapigano ya Kichina akiniambia kuwa ni yaleyale, lakini haikunishika hata kidogo. Nitafute ipi? – Msomaji wa Morogoro

JIBU: Ndugu yangu, muuzaji wako aliona panga na farasi akadhani hayo ndiyo yaliyokushika. "Jumong" ilirushwa na kituo cha MBC cha Korea Kusini kuanzia mwaka 2006 hadi 2007, ikiwa na sehemu 81, na mapigano yake, ukiyaweka kando ya filamu za kung fu, ni ya kawaida tu. Kinachomkalisha mtu mbele ya sehemu 81 ni kijana aliyelelewa kwa anasa katika jumba la Mfalme Geumwa wa Buyeo, mwoga, mzembe, asiye na ujuzi wowote wa silaha, ambaye baadaye anafundishwa upanga na mfungwa kipofu bila ya yeyote kati yao kujua kwamba mmoja ni baba na mwingine ni mwana. Kinachomkalisha, vilevile, ni Mopalmo, fundi chuma anayehangaika mwaka hadi mwaka kutafuta namna ya kufua upanga usiovunjika ukikutana na upanga wa jeshi la Han la China, pamoja na misafara ya biashara ya kina So Seo-no, binti wa mfanyabiashara, na safari ya kuitafuta chumvi wakati Buyeo imenyimwa chumvi. Tamthilia hiyo inatuonyesha kwamba dola hujengwa kwa chumvi na chuma kabla ya kujengwa kwa ushujaa, na tamthilia chache sana hujali kulieleza jambo hilo kwa subira kiasi kile.

Kwa hiyo ninakupendekezea kwanza "The Great Queen Seondeok", ya MBC pia, ya mwaka 2009, yenye sehemu 62. Inasimulia maisha ya malkia aliyeutawala ufalme wa Silla, katika Korea ya kale, kuanzia mwaka 632 hadi 647, na kama ilivyo kwa Jumong, mhusika mkuu hukua bila kuijua asili yake, akajifunza kila kitu kwa jasho, akakusanya marafiki ambao baadaye wanakuwa majemadari wake. Lakini ina jambo moja ambalo "Jumong" haina, nalo ni adui wa kiwango cha juu. Daeso, adui wa Jumong, tulimchukia, na hapo ndipo ilipoishia. Mishil, anayeigizwa na Go Hyun-jung, utamwogopa, utamheshimu, na zipo siku utakazotamani ashinde. Mama huyo haitumii nguvu pale ambapo neno moja linatosha, na anafahamu elimu ya nyota na kalenda kiasi cha kuwafanya watu waamini kwamba anazungumza na mbingu. Go Hyun-jung alipewa tuzo kuu ya MBC ya mwaka huo, na aliistahili. Usisome chochote kuhusu mwisho wa Mishil kabla hujaufikia.

Ya pili ni "Emperor of the Sea", iliyorushwa na kituo cha KBS cha Korea Kusini kati ya mwaka 2004 na 2005 katika sehemu 51. Humo utamkuta Song Il-gook, yule yule Jumong wako, ila safari hii yuko upande wa adui, na kwa maoni yangu hapo ndipo alipoigiza vizuri zaidi. Steringi ni Jang Bogo, mtu wa kweli wa karne ya 9 ambaye mwaka 828 aliruhusiwa na mfalme wa Silla kuweka ngome ya Cheonghae katika kisiwa cha Wando ili awakomeshe maharamia waliokuwa wakiwateka watu wa Silla na kwenda kuwauza utumwani nchini China. Mtazamaji anayetoka kwenye mwambao wetu, ambako majahazi yalibeba biashara na watumwa kwa wakati mmoja, hahitaji kuelezwa sana kwa nini hadithi hiyo ina uzito.

Wengi watakuambia ukimbilie "The Kingdom of the Wind" ya mwaka 2008, kwa sababu inamhusu Muhyul, mjukuu wa Jumong, na aliyeigiza ni Song Il-gook tena. Ni tamthilia nzuri, ina sehemu 36 tu, lakini naomba uingie ukijua kwamba haikutengenezwa na watu wale wale wala kituo kile kile. Ilitokana na hadithi ya katuni, na ina huzuni nzito kuanzia mwanzo, kwa maana mtoto anazaliwa huku akiwa ametabiriwa kuwaangamiza ndugu zake na taifa lake. Ule uchangamfu wa kina Mari, Oi na Hyeopbo, marafiki wa Jumong, hutaukuta. Iache iwe ya tatu.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni mama wa mabinti watatu. Tuliitazama "Jewel in the Palace" pamoja kila jioni baada ya chakula, na ilitupendeza kwa kuwa hapakuwa na jambo la kuona aibu mbele ya watoto. Binti yangu wa kati sasa anasema anataka kuwa daktari. Naomba nyingine za namna hiyo, zenye mafunzo na zisizo na matusi. – Mama wa Tanga

JIBU: Marahaba, mama. Barua yako ndiyo niliyofurahi kuliko zote kuijibu, kwa sababu tamthilia uliyoitaja ina ndugu zake wa tumbo moja, na wote wanafahamika kwa majina. Mwongozaji wa "Jewel in the Palace", iliyorushwa kati ya mwaka 2003 na 2004 katika sehemu 54, ni Lee Byung-hoon, ambaye kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi mwaka 2016 alisimulia kwa namna mbalimbali hadithi yenye umbo moja. Mtoto wa mtu mnyonge, au wa nyumba iliyoangamizwa kwa fitina, anaingia katika taasisi kubwa kupitia mlango wa nyuma, anapata mwalimu mkali, anapewa mitihani, anasingiziwa na kufukuzwa, anajifunza kazi nyingine huko alikotupwa, kisha anarudi akiwa na ujuzi ambao hakuna awezaye kumnyang'anya.

Siri ya mwongozaji huyu iko katika mitihani. Unakumbuka bila shaka jinsi Bi Han, mwalimu wa upishi, alivyokuwa akimtaka Jang-geum, steringi wetu, angali mdogo, amletee maji ya kunywa, akayakataa kila alipoletewa, yawe ya moto au ya baridi, mpaka mtoto alipotambua kwamba yampasa kumuuliza kwanza anayekunywa kama tumbo linamuuma au koo linamkereketa, kwa kuwa hata maji yakishawekwa ndani ya bakuli huwa chakula, na chakula lazima kimfae mlaji. Unakumbuka pia alipopoteza uwezo wa kuonja na ikambidi apike kwa kumbukumbu. Mitihani kama hiyo ina jibu la kweli, na mtazamaji anaweza kulitafuta mwenyewe akiwa amekaa mkekani na wanawe, wakabishana, na hatimaye wakajifunza kitu. Tamthilia nyingi za kifalme humtahini steringi kwa mateso peke yake, na mateso hayamfundishi mtazamaji chochote isipokuwa kulia.

Kwa binti yako wa kati, tafuta "Horse Doctor", ambayo kwengine huitwa "The King's Doctor", ya mwaka 2012 hadi 2013, sehemu 50. Baek Gwang-hyeon alikuwa mtu wa kweli, daktari wa farasi wa watu wa chini aliyepanda hadi kuwa tabibu wa mfalme katika karne ya 17. Ujuzi wake wa sindano na wa kupasua majipu anaupata kwa kuwatibu wanyama, na waganga wakubwa wa jumba la mfalme wanamdharau kwa sababu hiyo hiyo, ilhali ndiyo inayomfanya aone wasiyoyaona wao. Kila mgonjwa anaelezwa kwa utaratibu: dalili zake, makosa ya waliomtibu kabla, na sababu ya tiba mpya. Yapo maonyesho ya upasuaji yenye damu, kwa hiyo binti yako mdogo, kama ni mwoga, mfumbe macho mahali pachache.

"Heo Jun", ya mwaka 1999 hadi 2000, yenye sehemu 64, ndiyo iliyotangulia, na wapo wanaoiweka juu ya "Jewel in the Palace". Mimi siendi mbali hivyo, kwa kuwa picha zake ni za zamani na mwendo wake ni wa polepole, lakini lipo tukio ndani yake ambalo ningependa kila mwanafunzi wa udaktari alione. Heo Jun anasafiri kwenda mji mkuu kufanya mtihani utakaomwokoa na umaskini, njiani anawakuta wanakijiji wagonjwa wanaomsihi awatibu, na kila anayemtibu anamchelewesha zaidi. Heo Jun halisi ndiye aliyeandika "Dongui Bogam", kitabu kikubwa cha tiba kilichokamilika mwaka 1610 na kuchapishwa mwaka 1613, ambacho UNESCO ilikiingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2009.

Kama mabinti wanapenda zaidi maisha ya ndani ya jumba la mfalme, basi tazameni "Dong Yi" ya mwaka 2010, sehemu 60. Binti wa tabaka la chini kabisa anaanza kama mtumishi katika idara ya muziki, anakuwa mpelelezi wa idara inayowachunguza wanawake wa jumbani, na mwishowe anamzaa mtoto atakayekuwa Mfalme Yeongjo. Mfalme Sukjong, anayeigizwa na Ji Jin-hee mliyemwona akiwa Min Jung-ho katika "Jewel in the Palace", ni mcheshi na ana utu, jambo ambalo halionekani mara nyingi kwa wafalme wa tamthilia. Mkiimaliza, endeleeni na "Yi San", sehemu 77, inayomhusu mjukuu wa huyo Yeongjo. "Yi San" ilitengenezwa mapema zaidi, mwaka 2007, lakini kwa kufuata historia inakuja nyuma ya "Dong Yi", na kuzitazama kwa mpangilio huo kunaleta maumivu ya aina yake: yule mtoto mwema mliyemwona akisoma magotini mwa mama yake sasa ni mzee mkali ambaye, mwaka 1762, alimfungia mwanawe wa kumzaa ndani ya sanduku la kuhifadhia mchele hadi akafa. Tukio hilo liko mwanzoni kabisa, na kwa mtoto mdogo ni zito, hivyo ningesubiri kidogo.

Nje ya Korea nitataja mbili kwa ufupi. "Jin" ya Japani, ya mwaka 2009, inamhusu daktari wa upasuaji wa ubongo anayejikuta katika mji wa Edo mwaka 1862, ambako anajaribu kutengeneza penisilini kwa vifaa vya jikoni. Msimu wake wa kwanza una sehemu 11 tu. "The Imperial Doctress" ya China, ya mwaka 2016, inamhusu Tan Yunxian, mwanamke tabibu wa enzi ya Ming aliyefundishwa uganga na bibi yake na kuacha maandishi kuhusu wagonjwa wake. Mwanamke huyo anastahili kujulikana, lakini tamthilia yenyewe inamwingiza katika mapenzi na mfalme aliyetekwa vitani mwaka 1449, ilhali Tan Yunxian alizaliwa mwaka 1461. Watazamaji wako waambie hivyo mapema, ili historia wasiichukue kutoka humo.

SWALI: Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina iliyoingizwa sauti za Kiswahili, "Doudou na Mama Wakwe Zake". Mimi na mke wangu tulikuwa wachumba wakati huo, na mpaka leo tunaitaja tukiwa na mgogoro wa kifamilia. Kila tukiuliza tamthilia za Kiasia tunapewa za wafalme. Hakuna za watu wa kawaida? – Msomaji wa Dodoma

JIBU: Zipo, tena nyingi, na ninakubaliana nawe kwamba zimesahaulika isivyo haki. Tamthilia hiyo ilipendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake jijini Dar es Salaam mwezi Machi 2013, na sababu ya kupendwa haikuwa ugeni wake. Mao Doudou ni muuguzi, mume wake Yu Wei ana wazazi waliotalikiana, baba akaoa tena, na hivyo bi harusi mmoja anajikuta na mama wakwe wawili wasiopatana, kila mmoja akitaka kujua anapendwa kuliko mwenzake. Hayo yanatokea Beijing, lakini nani kati yetu hajakaa kikao cha ukoo kilichoanza na salamu kikaishia kwenye nani alimletea nani zawadi gani sikukuu iliyopita?

Iliyo karibu nayo kabisa ni ya Korea, "My Husband Got a Family", iliyorushwa na KBS mwaka 2012 katika sehemu 58. Cha Yoon-hee ni mwanamke mwenye kazi nzuri aliyechagua kwa makusudi kuolewa na daktari aliyelelewa na wazazi wa Marekani, mtu asiye na mama wala shangazi wala wifi nchini Korea, akiamini amejiepusha na ukwe milele. Kisha wanapanga nyumba, na familia ya mwenye nyumba anayegombana nayo kila siku juu ya taka na kelele inagundulika kuwa ndiyo iliyompoteza mumewe alipokuwa mtoto. Ninachokipenda ni kwamba mwandishi hakumfanya mama mkwe kuwa shetani wala mkwe kuwa malaika. Mama yule amemlilia mwanawe kwa miaka 30, na anapompata hajui ampende vipi bila kumsumbua mkewe. Nadhani wewe na mkeo mtasimamisha picha mara kwa mara ili mjadiliane.

Kama mna watoto wanaosoma, mfuateni mwigizaji wa Doudou mwenyewe, Hai Qing. Amekuwa mama katika "A Love for Separation" ya mwaka 2016 na "A Little Reunion" ya mwaka 2019, zote mbili akiwa na Huang Lei kama mumewe, na zote mbili zikihusu nyumba zinazotetemeka kwa ajili ya mitihani ya watoto. Ya pili, inayozungumzia mwaka wa mwisho kabla ya mtihani wa kuingia chuo kikuu, inaonyesha kwa haki kabisa mama mwenye upendo wa kweli anavyoweza kumkaba mwanawe pumzi.

Ya mwisho, "All Is Well", sehemu 46, ya mwaka 2019, ninaitaja nikiwa na tahadhari. Mama anafariki, na watoto watatu wa nyumba ya Su wanapaswa kuamua nani atakaa na baba, mzee mbinafsi anayetaka kila kitu, huku binti wa pekee, aliyenyimwa ada ya masomo ili kaka zake wapewe, akiwa ndiye mwenye fedha kuliko wote. Imeandikwa vizuri sana, na inauma. Msiitazame katika wiki ambayo nyumbani kwenu kuna suala la urithi.

SWALI: Naipenda "Empress Ki" kupita kiasi. Rafiki yangu anasema tamthilia za wanawake wa jumba la mfalme za China ni bora zaidi, lakini niliyoanza nayo ilinichosha. – Msomaji wa Nakuru

JIBU: Nahisi ulianza na "Empresses in the Palace" ya mwaka 2011, maana ndiyo inayosifiwa kwanza. Ni kazi kubwa kweli, ina sehemu 76, na Sun Li anavyobadilika kutoka msichana asiye na hila hadi mwanamke ambaye hakuna anayethubutu kumtazama usoni ni funzo la uigizaji. Hata hivyo vita vyake vinapiganwa kwa mashairi, chai, manukato na sentensi zenye maana mbili, wakati "Empress Ki", yenye sehemu 51, ina upinde, farasi na majeshi, na Ha Ji-won anaigiza mwanamke aliyejifanya mwanamume vitani kabla hajaingia jumbani. Aliyezoea mwendo huo hawezi kuruka moja kwa moja hadi kwenye utulivu ule.

Pitia kwanza "Story of Yanxi Palace" ya mwaka 2018, sehemu 70. Wei Yingluo anaingia katika jumba la Mfalme Qianlong kama mshona nguo ili amtafute aliyesababisha kifo cha dada yake, halii ovyo, na anayemchokoza hujibiwa ndani ya sehemu mbili au tatu. Ukishazoea adabu na vyeo vya jumba la Qing, yaani nasaba ya Qianlong, kupitia kwake, ndipo urudi kwenye ile ya kwanza, na utaona ilivyo na kina zaidi. Na kama kilichokuvutia katika "Empress Ki" ni kisasi kinachopangwa kwa miaka, achana na wake za mfalme kabisa utafute "Nirvana in Fire" ya mwaka 2015, sehemu 54, inayomhusu mtu mgonjwa asiyeweza hata kushika upanga, anayerudi mji mkuu kwa jina jipya kulisafisha jina la jeshi la askari 70,000 waliouawa kwa kusingiziwa uhaini. Sehemu tano za kwanza zina majina mengi mno. Vumilia hadi ya sita.

Naongeza kwamba malkia Ki halisi, mwanamke wa Goryeo, yaani Korea ya zamani, aliyekuwa mke wa mfalme wa mwisho wa nasaba ya Yuan kutawala China, hakuwa mtu mwema kama anavyoonyeshwa, na yule Wang Yoo unayemlilia ni mtu wa kubuniwa. Furahia hadithi, lakini usiibishanie darasani.

SWALI: Nimenunua tamthilia moja mara mbili kwa majina tofauti. Nifanyeje lisitokee tena? – Msomaji wa Mwanza

JIBU: Usinunue kwa jina pekee. Tamthilia moja inaweza kuwa na jina la Kikorea, jina la Kiingereza la kituo kilichoitengeneza, jina jingine la walioinunua, na la nne alilolibuni DJ aliyeisimulia kwa Kiswahili. "Dae Jang Geum" ndiyo hiyo hiyo "Jewel in the Palace", na "Ma Ui" ndiyo "Horse Doctor". Upande wa pili, jina moja linaweza kubeba kazi mbili: "Heo Jun" ya mwaka 2013 ina sehemu 135 fupi na waigizaji wengine kabisa, na anayeitafuta ile ya mwaka 1999 atasikitika. Uliza mambo matatu, yaani mwaka, idadi ya sehemu na mwigizaji mkuu, na muuzaji akishindwa kuyajibu, omba akufungulie dakika chache uione.

Kuhusu hizo zenye usimulizi wa DJ, sizidharau hata kidogo, kwa kuwa ndizo zilizowafikisha Wakorea kwenye vibanda umiza na kwa bibi zetu wasiosoma maandishi ya chini ya skrini. Lakini kwa tamthilia ambazo uzito wake uko kwenye mazungumzo, kama "Nirvana in Fire", tafuta yenye tafsiri kamili, maana msimulizi hulazimika kufupisha, na kinachofupishwa huko ndicho chenye utamu.

SWALI: Mimi ni msichana wa kidato cha nne. Nimetazama "Boys Over Flowers" na sasa nataka zote zinazofanana nayo. Nianze na ipi? – Msomaji wa Mombasa

JIBU: Mwanangu, ukizitaka "zote" utatazama hadithi moja mara nne. "Boys Over Flowers" ya KBS, ya mwaka 2009, sehemu 25, ilitokana na katuni ya Kijapani ya Yoko Kamio, ambayo kabla ya hapo ilikuwa imeshatengenezwa Taiwan mwaka 2001 na Japani mwaka 2005, na baadaye China mwaka 2018. Kama utachagua moja tu kati ya hizo, chukua ya Japani, kwa sababu ni fupi na msichana wake, Makino, anapambana zaidi kuliko Jan-di wa ile ya Korea.

Lakini nitakuambia ninavyoamini. Goo Jun-pyo, kijana tajiri wa "Boys Over Flowers", anamtesa msichana, anamtumia genge la shule nzima, kisha tunaombwa tuuchukulie ukatili huo kama dalili ya mapenzi. Unao umri wa kuanza kulikataa jambo hilo, na unaweza kulikataa bila kuziacha hadithi za msichana maskini na kijana tajiri, maana zipo zilizo bora. "Coffee Prince" ya mwaka 2007, yenye sehemu 17, inamhusu msichana anayebeba familia yake kwa vibarua vya kila aina na kuajiriwa kwenye mgahawa kwa kudhaniwa kuwa ni mvulana. Kijana tajiri wa humo ana kasoro zake, lakini anajifunza kufanya kazi. Bora zaidi kwangu ni "My Lovely Sam Soon" ya mwaka 2005, ambayo mhusika wake mkuu ana miaka 30, si mwembamba, analichukia jina lake, na ni mpishi hodari wa keki. Hakuna anayembadilisha nguo ili apendwe. Anagombana na bosi wake, anayeigizwa na Hyun Bin, kama mtu anayegombana na mwenzake, si kama mtumwa wa mtu, na hata pale moyo unapomuuma anaamka asubuhi akaoka keki zake. Ina sehemu 16. Ianze siku ya kwanza ya likizo, baada ya kumaliza marudio ya masomo, na mama yako akitaka kuketi nawe mpishe, kwa maana sehemu kubwa ya tamthilia hiyo inahusu mama na binti yake.